Serikali Iliniuliza Nitamlea Vipi Mjukuu Wangu, Nikaitolea Fimbo

Nina miaka sitini na nane. Mimi ni mjane, nauza mboga za kienyeji soko la Kangemi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya mnivumilie. Nimesoma mikasa ya wenzangu hapa nikaona hata mimi nina wangu, umenikwama kooni kama mfupa wa samaki... haushuki, hautoki.

Nina binti mmoja, Rispa. Mume wake alimwacha akiwa mjamzito. Akajifungua msichana, nami nikampa jina la marehemu mama yangu, Nekesa. Kwetu Bungoma mtoto akibeba jina la mama yako, unamwita mama. Nilimwita mama tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Lakini mama au si mama, fimbo alikula. Mimi si nyanya wa kubembeleza.

Rispa alipata kazi ya nyumba Parklands, ya kulala huko huko. Nyumbani alikuja Jumapili moja kwa mwezi, na mara nyingine hata hiyo ikampita. Yeye alilea mtoto wa tajiri wake, mimi nikamlea wake. Wangapi hapa Nairobi wanaishi hivyo? Sikuona ubaya. Nekesa akiniuliza mama yake anakuja lini, nilimjibu, "Akija utamwona." Kisha nikaendelea kuchambua mboga zangu za saga.

Likizo moja, Nekesa akiwa na miaka kumi na miwili, Rispa alimchukua akakae naye huko amsaidie kushika mtoto. Nilifurahi. Nilimsuka nywele, nikampaka mafuta, nikampeleka mimi mwenyewe hadi kwenye geti.

Haikuisha wiki. Nilikuwa sokoni simu ilipolia. Rispa hakunisalimia.

"Mama, mjukuu wako ni mwizi. Amepelekwa polisi."

Nikamuuliza ni nani amempeleka.

"Ni mimi," akasema. "Nimemshika mkono mwenyewe."

Kumbe bangili ya dhahabu ya mama mwenye nyumba ilikuwa imepotea. Walipotafuta, waliipata ndani ya mkoba wa Rispa. Kabla Rispa hajajitetea, Nekesa akasema, "Ni mimi niliiweka hapo." Mwenye nyumba akasema lazima mmoja wao akajibu kwa polisi. Basi binti yangu akachagua.

Hata kuku akiona mwewe hufunika vifaranga... Huyu wangu alikuwa ameona nini?

Tulifika katika korti ya watoto, kule katikati ya jiji. Mtoto ambaye hata nywele zake hajui kujisuka, anaitwa mshukiwa. Hakimu alikuwa mama mpole. Alisema sheria ya siku hizi haipendi mtoto mdogo kufungiwa, kuna njia nyingine. Akipatikana mtu wa kuaminika wa kukaa naye, afisa wa probesheni awe anamfuatilia, na mwenye mali akubali wazungumze, kesi inaweza kuisha bila mtoto kwenda kufungwa. Akamuuliza Rispa kama atamchukua.

Rispa aliangalia sakafu. "Amenishinda," akasema.

Nikasimama huko nyuma nikasema mimi niko. Karani akaniambia niketi, sikuketi. Hakimu akaagiza afisa aje kwanza aone kwangu. Kwa sasa Nekesa arudishwe rimandi ya watoto, alikofungiwa tangu polisi wamchukue.

Siku hizo za kungoja sikukaa mahali pamoja. Nilifungua fungu la kunde, nikaliacha. Nilitembea hadi Westlands nikarudi bila kununua chochote. Nilifua pazia ambalo lilikuwa safi. Jirani yangu Mama Beti akaniambia, "Wewe mama, keti basi, unanitia kizunguzungu." Nikamwambia akifunga macho kitaisha.

Afisa akaja, msichana Mkamba anaitwa Mwende. Nilikuwa nimeazima vitambaa vya viti na vikombe vya chai. Akaangalia mahali mtoto atalala, akaangalia chakula, akaniuliza maneno ya kanisa na ya shule. Nikajibu yote. Halafu akaniita shosho, yaani nyanya, akaniuliza, "Sasa shosho, akirudi hapa, utamrekebisha vipi?"

Wasomaji, nilikuwa nimengoja swali hilo! Nilienda nyuma ya mlango nikatoa fimbo yangu ya mpera. Nikamwonyesha na kufuli mpya niliyonunua. Nikamwambia, "Huyu atachapwa asubuhi na jioni. Akitoka shule nitamfungia humu, jua ataliona dirishani mwaka mzima."

Nilifikiri serikali inatafuta mtu mkali kama yenyewe. Mwende alimaliza chai, akashukuru, akaenda. Nikabaki nikijisifu kwa Mama Beti.

Siku ya korti nilivaa gauni langu la kanisa. Mwende akasimama akamwambia hakimu kwamba nyumba ya shosho ni safi na chakula kipo. Lakini shosho amesema wazi atampiga mtoto na kumfungia, kwa hivyo hawezi kusema ni mahali salama. Nekesa akageuka akaniangalia. Hakulia. Aliniangalia tu, halafu akatolewa kwa mlango wa upande. Amerudishwa rimandi... na ni mdomo wangu uliomrudisha!

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa ofisi ya Mwende kabla hajafika. Nilimwambia mimi siondoki.

"Shosho, nilikuuliza utamlea vipi, ukanionyesha vile utampiga."

"Sasa nyinyi mnataka nini? Si hata nyinyi mmemfungia?"

"Ndiyo tunatafuta mahali pengine. Tunataka mtu wa kuongea naye."

"Kuongea najua. Uliza Kangemi yote."

Akacheka kidogo. "Huko ni kugombana, shosho. Umeshamuuliza mtoto kwa nini alichukua hiyo bangili?"

Nikamwambia mwizi haulizwi kwa nini. Akasema, "Enda umuulize. Halafu unyamaze."

Akanipa pia masharti. Niwe nahudhuria mkutano wa wazazi wenye watoto kama wangu. Nikaenda. Wengine walikuwa na umri wa kuwa wajukuu wangu, na nilikalishwa katikati yao nikifundishwa kulea, mimi niliyezika mume na kumlipia Rispa karo kwa mboga. Mara ya kwanza nilitaka kutoka. Kilichonizuia ni yale macho ya kortini.

Siku ya kutembelea rimandi nilimkuta Nekesa amekonda, nywele zimenyolewa. Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini?"

Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi, nikaikalia.

"Kukhu," akasema, ndivyo tunavyoita nyanya kwetu, "nilitaka wamfute mama. Akifutwa kazi atarudi nyumbani."

Hiyo tu. Hakutaka dhahabu. Hata bei yake hakujua. Kule Parklands alikuwa amemwona mama yake akimwimbia mtoto wa mwingine hadi alale, nyimbo ambazo yeye hakuwahi kuimbiwa. Polisi hawakuuliza, mama yake hakuuliza... nami ningemchapa mwaka mzima bila kuuliza.

Nilimweleza Mwende. Akawaita mwenye nyumba na Rispa ofisini, Nekesa akaletwa, nami nikawa hapo. Mtoto akasema mwenyewe na kuomba msamaha. Mwenye nyumba alivua miwani akaifuta. Akasema alidhani kuna watu wazima waliomtuma, na hataki kesi tena. Rispa aliinua shuka la mtoto wa mwenye nyumba aliyekuwa amembeba, akajifunika uso nalo.

Hakimu akakubali. Nekesa akae kwangu, kila Ijumaa baada ya shule amwone Mwende, mimi niendelee na mikutano, na Rispa apewe ruhusa kila Jumapili. Mwenye nyumba alikubali hilo mbele yetu sote. Fimbo niliipasua nikawashia jiko.

Jumapili ya kwanza Rispa alikuja amebeba mkate na maziwa. Akaketi kwenye kochi, hajui aweke mikono wapi. Nekesa alibaki amesimama mlangoni, mikono nyuma, kichwa chini, kama walivyozoeshwa kule rimandi.

"Kukhu," akaniuliza, "naomba ruhusa ya kuketi karibu na mama."

Rispa alilia hadi chai ikapoa. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Sasa ni mwaka na zaidi. Nekesa anasoma, anacheka kidogo kidogo. Bado anaomba ruhusa ya vitu ambavyo mtoto haombi, na kila akiomba, mimi siwezi kutulia kitini.

Enyi wazazi, enyi nyanya wenzangu, mtoto mdogo akikosa msikimbilie polisi ati atishwe kidogo, atarudi na adabu. Kuna maafisa wa watoto, kuna probesheni, kuna watu wa kukaa nanyi chini mkatafuta kilichoharibika. Nendeni kwao mapema. Serikali, pamoja na askari wake na korti zake, ilikuwa inahangaika kumtafutia mtoto wetu mahali nje ya rimandi. Waliokuwa wanamsukuma ndani ni sisi wa damu yake.