Mke Aliyeitwa Mtumishi

"Siendi."

Elie alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Isabeau, mashahidi wanne wanatungoja mjini Anduze! Hakimu anaondoka leo."

"Basi aende salama."

Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na minane katika milima ya Cévennes. Mchungaji aliyekuwa mafichoni ndiye aliyewafungisha ndoa, porini, maana ibada za Waprotestanti zilipigwa marufuku. Kwa sheria ya Ufaransa Isabeau alikuwa hawara tu, na watoto wake watatu wanaharamu. Sasa, mwaka huu wa 1788, mfalme amelegeza kamba: wakitamka mbele ya hakimu kwamba ni mume na mke, wataandikwa kuwa wanandoa halali, na watoto wao watatambuliwa.

"Ni kwa ajili ya watoto," Elie alibembeleza.

"Watoto, watoto. Na mimi je?" Isabeau aliketi, amechoka hata kugomba. "Unamkumbuka yule ofisa aliyekuja kuuliza mimi ni nani humu ndani?"

Elie aliinamisha kichwa. "Ningesema mke, wangekufunga."

"Najua. Ukasema mtumishi. Ofisa akaondoka, ukaniomba supu. Miaka ishirini na miwili, Elie, hata pole sijaisikia."

"Nilikuwa naona aibu."

"Na mzigo wa aibu yako nimeubeba mimi."

"Niseme nini sasa?"

"Usiniambie mimi. Kawaambie hao wanaotungoja." Akachukua shali yake.

Huko Anduze, Elie alisimama mbele ya hakimu.

"Huyu ni mkeo?"

"Ni mke wangu, mheshimiwa, tangu Mei 1760. Niliwahi kuulizwa na serikali nikasema ni mtumishi. Nilidanganya. Andika na hilo."

"Daftari halina nafasi ya hayo."

"Basi wasikie hawa." Akawageukia mashahidi, akarudia neno kwa neno. Machozi yakamtoka.

"Na wewe, mama? Huyu ni mumeo?"

Maishani mwa Isabeau hakuna ofisa aliyewahi kumuuliza yeye. Alimtazama yule mzee anayelia, na moyo wake ukalegea.

"Ni mume wangu. Ananichosha, lakini ni wangu."

Karani akacheka, akaandika.

Nje, Elie alijitupa kwenye ngazi. "Nisamehe, mke wangu."

"Umechelewa sana, unajua?"

"Najua."

"Nimekusamehe. Sogea basi nikae, miguu inaniuma."