Ukurasa wa Mlinzi

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alifagia duka la shangazi yake la kuchapa na kutoa nakala, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa alichapa, alifagia na hata alikula kama mtu anayefukuzwa.

Mwaka huo alikuwa na kazi nzito kuliko umri wake. Kiwanda cha kushona nguo cha mtaani kwao kilikuwa kimeungua, watu kumi na mmoja wakafa. Mwalimu wa kompyuta aliwaongoza wanafunzi kutengeneza tovuti ya kuwakumbuka marehemu, kila mmoja ukurasa wake. Alitoa sharti moja tu: usiandike kitu kabla ya kuwasikiliza watu wawili, mmoja wa familia na mmoja aliyekuwapo siku ya moto, nao watie alama ya dole gumba kwenye daftari.

Chapuchapu alipewa kurasa tatu. Mbili alizifanya vizuri. Wa tatu ulikuwa wa mlinzi wa lango, ambaye mkewe aliishi juu mlimani, nayo njia ilikuwa tope tupu. Msichana akaona uvivu. Kwenye foleni ya maji alikuwa amesikia maneno, basi akaandika: “Wanasema mlinzi alifunga mlango, akalala.” Aliposoma tena aliona neno “wanasema” linaharibu sentensi, akalifuta. Kwenye daftari akabonyeza dole gumba lake mwenyewe, mara mbili.

Watu walitumiana ukurasa ule kwenye simu, na tovuti nyingine zikaunakili. Fundi aliyejenga ukuta wa kumbukumbu penye majivu ya kiwanda alichukua majina humo humo, ila wazee wa mtaa walimwambia achonge kumi. La mlinzi hawakulitaka.

Siku moja mama mmoja mzee aliingia dukani, kanga yake imelowa matope hadi magotini.

“Shikamoo, bibi,” alisema Chapuchapu.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia wanafunzi mmemwandika mume wangu, yule mlinzi. Mimi sikusoma. Hebu nisomee, kisha unitolee karatasi niitundike ukutani. Picha yake sina hata moja.”

Chapuchapu alifungua ukurasa, akayatazama maneno yake mwenyewe. Kisha akaanza kubuni. “Mlinzi alikuwa mtu mwema. Alipenda watu wote.”

“Ndivyo alivyokuwa,” bibi alisema, akafuta macho kwa ncha ya kanga. “Sasa nitolee. Wajukuu zangu wanajua kusoma, watanisomea kila siku.”

Mkono wa Chapuchapu ulibaki juu ya kitufe. Akilini aliwaona wale wajukuu wamesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya bibi, wakisoma kwa sauti kwamba babu yao alilala. Akaanza kulia.

“Bibi, nimekudanganya. Haijaandikwa hivyo.”

Akamsomea yaliyoandikwa, neno kwa neno. Shangazi aliacha kupanga karatasi.

“Kumbe ndiyo maana watu hawaniitikii salamu,” bibi alisema. “Nilidhani wananionea huruma tu. Mjukuu wangu, funguo za mlango zilikuwa kwa tajiri mwenye kiwanda, aliondoka nazo. Mume wangu alipatikana chini ya dirisha, chuma mkononi. Alikuwa akivunja nondo za dirisha. Muulize mpiga pasi wa kiwandani, yeye alitolewa hai hapo.”

Kesho yake Chapuchapu alimweleza mwalimu kila kitu, pamoja na habari ya dole gumba. Mwalimu hakumpiga wala kumfokea. Alimkabidhi daftari tu, akamwambia aanze upya. Msichana alimtafuta mpiga pasi, aliyekuwa bado na mikono imefungwa bandeji.

“Alinivuta kwa kola ya shati,” mpiga pasi alisema. “Akarudi kumfuata mwingine. Ukuta ukaanguka. Sikuulizwa na mtu yeyote.”

Ukurasa uliandikwa upya, na juu yake Chapuchapu akaongeza: “Habari ya kwanza ilikuwa ya uongo. Niliiandika mimi bila kuuliza.” Fundi alilichonga jina la kumi na moja chini kabisa, kwa herufi ndogo, maana nafasi ilikuwa imekwisha. Tovuti mbili kati ya zile zilizounakili ukurasa ziliurekebisha. Nyingine nne ziliandikiwa barua mara kwa mara, hazikujibu, na uongo ule ungali humo mpaka leo.

Chapuchapu alipanda mlima na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Bibi aliitundika juu ya kitanda, akasimama kuitazama kana kwamba anaisoma.

“Bibi, nisamehe.”

“Nimekusamehe. Lakini kuna watu watakaomjua mume wangu kwa yale ya kwanza tu, nami nitakufa nikilijua hilo. Mtu akishakufa hawezi kurudi kusema siyo mimi. Anayemwandika ndiye mdomo wake. Kwa hiyo siku nyingine, mwanangu, kabla hujaandika, panda kwanza huu mlima.”