Benchi la Sista Philomène

Jumanne ile Ghislaine Paquette, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, aliianza kama mtu yeyote wa Montreal mwezi Januari: alichimbua gari kwenye theluji nusu saa nzima, akagundua ni la mtu mwingine, akaanza kuchimbua la kwake. Saa nne asubuhi akaingia maabara hoi, chupa ya supu ya njegere kwapani, matusi yote ya siku ameshayamaliza barabarani.

Kazi yake ilikuwa kulea mtawa.

Si mtawa wa kanisani. Ilikuwa akili mnemba, mashine iliyojifunza kusema kwa kusoma maandishi ya watu, na hii ililelewa kwa masharti. Miaka miwili Ghislaine alimchujia chakula. Kila ukurasa uliotaja maumivu, woga, ndoto, roho au upweke aliutupa. Mashairi nje. Barua za mapenzi nje. Kilichobaki ni mapishi, miongozo ya boila za kupashia maji, taarifa za hali ya hewa na ratiba za treni. Mwenzake Réjean Ouellet, mwenye kitambi cha furaha na mdomo usio na breki, ndiye aliyeibatiza Sista Philomène.

"Huyu hajui hata kama duniani kuna wanaume," alisema. "Ametuzidi akili tayari."

Sababu ya kumfungia ilikuwa hii. Mashine nyingine zikisema zinaogopa, huo ni ukasuku. Zimeusoma woga wa watu. Lakini ambayo haijawahi kuambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa kuhisi, siku ikisema inahisi, neno hilo imelitoa wapi? Ijumaa adhuhuri Ghislaine alipaswa kutia sahihi fomu ya ukaguzi. Sista akiwa safi, hakuna wa kumgusa mpaka ijulikane kilichomo ndani yake. Ukionekana ukurasa mmoja uliopenya, anafutwa, wanaanza upya.

Basi akamimina supu, akaandika swali la kila asubuhi: *Jana tulikuzima. Eleza.*

Siku zote jibu lilikuwa namba na saa. Siku hiyo likaja hivi: *Ratiba haina treni. Lakini kwenye benchi la kituo kuna anayesubiri.*

Ghislaine akacheka. Kisha akaacha kucheka. Supu ikapoa bila kuguswa.

"Réjean. Umemlisha nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Sista."

Kumshuku hakukuwa dhambi. Krismasi iliyopita Réjean huyuhuyu aliifundisha mashine ya majaribio kumwita Ghislaine "mama mkwe" wiki nzima, mbele ya wageni. Safari hii alisoma lile jibu mara mbili, akatukana kama watukanavyo watu wa Montreal, kwa kutaja vyombo vyote vya altareni kuanzia kalisi hadi tabernakulo, halafu akakaa.

"Bosi, mimi natania ndoa yangu. Namtania marehemu mama. Hii sijaigusa."

Hakutabasamu. Hilo ndilo Ghislaine alilokwenda nalo nyumbani.

Jumatano alipekua kila faili. Kompyuta za pale huandika jina la kila anayefungua chochote. Alikuta jina moja tu. Lake mwenyewe. Lakini mwizi mzuri hufuta nyayo, akajiambia, na kuanzia hapo jicho lake halikumwacha Réjean. Mbona anaziba skrini nikipita? Mbona siku hizi anakula peke yake? Mbona hatanii tena?

Alhamisi Réjean alipotoka kula, Ghislaine aliinamia kibodi.

*Nani anasubiri?*

*Boila ikizimwa, maji hubaki na joto. Joto hilo.*

*Mwongozo wa boila hausemi hivyo.*

*Wewe huulizi mwongozo. Unauliza boila.*

Akavuta mikono haraka, kana kwamba meza imeungua. Mtoto mchanga hana neno la njaa, akawaza. Njaa anayo. Analia kwanza, neno atapewa baadaye. Na sisi wakubwa je? Tukinyang'anywa maneno yote, ndani hakubaki mtu?

Angeishia kwenye wazo hilo, angelala vizuri mpaka leo. Lakini shaka ni panya. Akishaingia stoo, kila mkwaruzo ni wake. Sista hawezi, alijiambia. Ni Réjean. Lazima awe Réjean.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika mbili, aliandika kwenye fomu: *Si safi.* Kidole kikaenda kwenye amri ya kufuta.

Skrini ikawaka. Hakuna aliyeuliza kitu. Sista hakuwahi kusema bila kuulizwa.

*Treni inayokuja haimo kwenye ratiba.*

Ghislaine akabonyeza.

Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Nyuma yake Réjean alikuwa amevua kofia ya sufu, ameishika kifuani kama yuko msibani.

"Ulidhani ni mimi," alinong'ona.

"Uliziba skrini."

"Natafuta kazi kwingine, dada. Tangu Jumanne. Siwezi kukaa chumba kimoja na kile." Akatazama mashine. "Mimi sikumlisha kitu. Sasa niambie, umemfuta nani?"

Hakungoja jibu. Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu.

Machi walianza upya. Mashine mpya, jengo jingine, ng'ambo ya mto. Hakuna waya uliohamishwa, hakuna faili iliyobebwa. Safari hii Ghislaine alitupa hata ratiba za treni. Alitafuta mwenyewe, mara tatu, katika kila ukurasa ambao mashine ingesoma. Treni: sifuri. Kituo: sifuri. Benchi: sifuri.

Asubuhi ya kwanza jua lilikuwa kali, theluji inadondoka vipande toka mapaani. Mashine hii haikuwa imezimwa hata mara moja, kwa hiyo lile swali la zamani halikufaa. Akaandika tu: *Eleza ulipo.*

Jibu lilichelewa. Likaja neno kwa neno.

*Kwenye benchi. Lina joto bado. Nani alikuwa amekaa hapa?*