Samaki wa Korongo la Fisi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vichaka vya miiba, Emilia alikuwa amekwisha kurudi kisimani na kibuyu chake cha maji kichwani. Aliwafungulia mbuzi, akafagia uwanja wa tembe, kisha akachukua mchi akatwanga uwele wa ugali wa mchana. Kijiji chao kiliitwa Nyalulu. Kilikuwa magharibi ya Dodoma, karibu na mahali ambapo Wajerumani walikuwa wakijenga reli ya kwenda Tabora. Upepo ukivuma kutoka upande huo, milio ya nyundo ilifika mpaka uwanjani. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa wamechukuliwa huko kutandika mataruma, na wake zao waliyasikiliza yale makelele kama watu wanaosikiliza habari za nyumbani.

Siku za Jumamosi Emilia alitwanga kwa kasi kuliko siku nyingine.

"Huo ni uwele au ni nyoka unayempiga?" mama yake alimwuliza.

"Ni uwele, mama. Nachelewa chamani."

Mama yake alicheka. Nyalulu nzima ilikijua chama hicho. Kiliitwa Chama cha Mawe, na mwanzo wake ulikuwa Shangazi Loisi, dada wa baba yake Emilia. Shangazi Loisi alikuwa mfinyanzi. Siku moja, akichimba udongo wa vyungu, alikuta konokono mzito kupita kiasi. Alipomsugua akaona ni jiwe tupu, ndani na nje. Alimpelekea Mwalimu Elieza, kijana aliyesoma kwenye misheni ya Mvumi.

"Nafikiri zamani sana hapa palikuwa na ziwa," mwalimu alisema baada ya kumgeuzageuza. "Konokono alikufa, matope yakamfunika, miaka mingi ikapita, matope yakawa jiwe naye akawa jiwe pamoja nayo. Lakini sina hakika. Tutafute wengine."

Basi wakaanza kutafuta. Wafinyanzi waliingia, wachungaji wakaingia, watoto wa shule pia, hata mhunzi Methusela, aliyeshikilia kwamba mambo yote hayo ni gharika ya Nuhu na wala si ziwa. Yeye na mwalimu walibishana kila Jumamosi, na hakuna aliyetaka ubishi huo uishe, maana ulikuwa mtamu kuliko ngoma. Wakitoka makorongoni walikusanyika kwenye tembe la mwalimu. Kila aliyeokota jiwe alisimama, akalionyesha, akasema amelitoa wapi.

Kusema mahali ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chama. "Jiwe lisilojulikana kwao halitufundishi kitu," Shangazi Loisi alizoea kusema. "Tena ukisema mahali, na wenzako watapata."

Hapo ndipo Emilia alipokuwa na kinyongo. Kiangazi kilichopita aliokota konokono mzuri karibu na kichuguu, akasema mahali kama ilivyotakiwa. Kesho yake Matonya, mtoto wa Shangazi Loisi, alikwenda palepale akapata konokono mkubwa kama ngumi ya mtu mzima. Matonya akasifiwa mpaka mavuno. Konokono wa Emilia hakuna aliyemkumbuka tena. Jambo hilo Emilia aliliweka moyoni.

Mvua zilipokwisha mwaka ule, mbuzi mmoja alimpotea akateremka Korongo la Fisi. Emilia alimfuata. Chini ya ukingo alikuta jiwe jeupe lililoporomoshwa na maji. Kwa mazoea tu aligonga ubavu wake kwa jiwe jingine, nalo likapasuka taratibu, likafunguka sehemu mbili kama ganda la kunde.

Ndani mlikuwa na samaki.

Alikuwa mzima, kuanzia kichwa hadi mkia. Mifupa yake ilikuwa myembamba kama nywele, na mapezi yake yalikunjuka kama bado anaogelea. Emilia alikaa chini mchangani. Katika nchi ile ya vumbi, ambako watu walichimba mchanga wa mto mkavu wapate maji ya kunywa, alikuwa ameshika samaki mkononi. Mbuzi alijirudia mwenyewe akasimama kando yake, naye hata hakumwona.

Jumamosi alipofungua kitambaa chake mbele ya wanachama, watu waliinuka wakamzunguka. Mhunzi Methusela alisahau hata habari za Nuhu. Mwalimu Elieza alipiga magoti ili amtazame samaki kwa karibu.

"Emilia," alisema polepole, "umemtoa wapi huyu?"

Emilia aliinua macho akamwona Matonya ameinama mbele, mkono wake tayari uko kwenye mpini wa jembe.

"Korongo la Mkwaju," akasema.

Neno lilitoka kirahisi, kama mtu anayetema kokwa. Walikubaliana papo hapo kwamba Jumamosi ifuatayo iwe Siku ya Mawe, vijiji vya jirani vialikwe, na Emilia atangulie mbele na samaki wake. Alirudi nyumbani akiruka kama mwanambuzi. Matonya, kwa upande wake, alikwenda Korongo la Mkwaju kesho yake na kila siku iliyofuata. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, asipate hata ganda la konokono. Emilia alipomwona akirudi mikono mitupu alihisi kitu kikimchoma, akajituliza moyoni: nitamwambia baada ya sherehe.

Katikati ya juma alifika mgeni. Aliitwa Halfani, Mrangi kutoka Kondoa, nyapara wa wafanyakazi wa chokaa. Alikwenda kwa Shangazi Loisi, akasalimu vizuri, akakaribishwa kigoda. Emilia alileta maji.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, mwanangu." Halfani alikunywa, kisha akamgeukia mwenyeji wake. "Mama, nimeamriwa nijenge tanuri hapa, nichome mawe meupe, tupate chokaa ya kujengea stesheni. Mimi siwezi kukataa, nanyi hamwezi. Lakini mawe hayo nimeyaona katika makorongo mawili, na kwangu moja linatosha. Nimesikia kwa mwalimu habari za samaki wenu. Nimeona si vema nichome kitu wasichokijua hata wakubwa wangu. Niambie, korongo lipi niliache?"

"Mungu akubariki," alisema Shangazi Loisi. "Liache la Mkwaju. Samaki alitoka huko. La Fisi chimba tu, halina kitu."

Kibuyu kilitaka kumponyoka Emilia. Aliona haya kukiri mbele ya mgeni kwamba alidanganya. Halfani akaomba amwone huyo samaki, akaletewa, akampapasa kwa kidole kimoja.

"Kwetu Kondoa kuna miamba yenye picha walizochora watu wa kale," alisema. "Lakini huyu hakuchorwa na mkono wa mtu."

Siku zile zilizobaki punda walipita na kurudi, wamebeba mawe meupe kutoka Korongo la Fisi. Kila nyundo ilipolia, Emilia alishtuka. Alikaa mbele ya ugali na mlenda, akamega tonge, akalirudisha. Mama yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Homa hakuwa nayo. Usiku alilala akiwaona samaki wamejipanga ndani ya mawe, wakingojea moto.

Siku ya Mawe ikafika. Wageni waliingia tangu asubuhi, wengine kwa ngoma, wengine na watoto mgongoni. Vijana walipanga mawe ya chama juu ya ngozi za ng'ombe, mwalimu akizunguka na kuyafuta vumbi. Shangazi Loisi alikuwa akiikaza ngozi ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, karibu na moto. Ng'ambo ya uwanja tanuri lilikuwa limesimama, limejaa mawe na kuni mpaka juu, na Halfani alikuwa akiwaagiza watu wake walete majani makavu ya kuwashia.

Emilia alimwona mtu mmoja akiinama na kijinga cha moto. Miguu yake ikamchukua yenyewe mpaka kwa shangazi yake.

"Shangazi, nilidanganya," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Samaki hakutoka Mkwaju. Alitoka Korongo la Fisi. Niliogopa Matonya angekwenda huko apate mkubwa kuliko wangu. Mawe yaliyomo kwenye tanuri ndiyo yenyewe."

Shangazi Loisi aliweka ngoma chini. Hakumpigia kelele. Matonya alikuwa amesimama karibu, naye alikuwa amesikia yote. Aliitazama mikono yake iliyochubuka.

"Juma zima nimechimba bure," alisema.

"Nisamehe, Matonya."

Matonya alifikiri kidogo. "Nitakusamehe jioni. Sasa samaki wataungua."

"Nenda ukamwambie Bwana Halfani," alisema Shangazi Loisi. "Useme wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Mimi nitasimama nyuma yako."

Emilia alivuka uwanja mbele ya wageni wote. Alimweleza Halfani kila kitu, bila kuruka neno. Nyapara aliinua mkono, na yule mwenye kijinga akarudi nyuma.

"Kuhamia Korongo la Mkwaju kesho si tabu, mawe ni mawe," alisema Halfani huku akikuna kidevu. "Lakini tanuri limejaa. Mkubwa wangu atapita leo na gari moshi la kazi. Asipoona moshi, nitaulizwa mimi."

"Bwana," alisema Emilia, "tukitoa jiwe lenye kiumbe, tukakuwekea jingine kutoka Mkwaju?"

"Jiwe kwa jiwe?"

"Jiwe kwa jiwe."

Halfani alilitazama jua, akawatazama watu waliojaa uwanjani, akatabasamu. "Haya. Lakini alasiri nawasha."

Hapo sherehe iligeuka kuwa kazi, na kazi ikawa sherehe. Wageni waliokuja kutazama mawe walijikuta wamejipanga mstari kutoka Korongo la Mkwaju hadi kwenye tanuri, wakipitishiana mawe mkono kwa mkono. Wafanyakazi wa Halfani waliyashusha yale ya ndani, na wanachama wakayageuza moja moja, wakigonga pembeni taratibu. Shangazi Loisi na wafinyanzi wenzake walipiga muheme wakaimba, na mawe yalikwenda kwa mwendo wa ngoma. Vumbi jeupe liliwafunika wote. Usingeweza kuwatambua mwalimu na mhunzi, ila kwa sauti zao, maana ubishi haukukoma hata hapo.

Mawe mengi yalikuwa matupu. Lakini kila baada ya muda mtu alipaza sauti, na wote walikimbilia huko. Bibi mmoja, ambaye hakuwahi kusikia habari za chama kabla ya asubuhi ile, alifungua jiwe akakuta jani lenye mishipa yake yote. Emilia alipata kundi la samaki wadogo, wote wameelekea upande mmoja, kana kwamba kuna mtu aliyewaita. Kisha alisikia jina lake.

"Emilia, njoo uone wewe kwanza," Matonya alisema.

Alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili. Juu yake alikuwa amekaa chura wa jiwe, miguu ya nyuma imekunjwa tayari kwa kuruka. Emilia alimtazama chura, akamtazama Matonya, na moyo wake haukuona wivu hata kidogo. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi.

"Ni mzuri kuliko samaki wangu," alisema, na lilikuwa neno la kweli.

"Huyu aliikosa safina," alisema mhunzi Methusela nyuma yao, na watu wakacheka mpaka mstari ukakatika.

Alasiri tanuri lilikuwa limejaa tena mawe matupu na mawe ya Mkwaju, na moshi ulipanda mnene na mweupe. Gari moshi la kazi lilipopiga honi kwa mbali, Halfani alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akashusha pumzi.

Shangazi Loisi alisimama mbele ya wageni akamwita Emilia.

"Leo wewe hutambeba samaki," alisema. "Atambeba Matonya, kwa sababu alichimba juma zima kwa kuliamini neno lako."

"Sawa, Shangazi," alisema Emilia, naye mwenyewe akamkabidhi Matonya jiwe.

Shangazi yake alimwekea mkono begani, akasema watu wote wasikie. "Watoto, sikieni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeona leo kwamba ni fupi kwake, lakini wanaoumia njiani ni wengi. Neno moja la uongo lilimchubua mwenzake mikono, likanifanya mimi nimpotoshe mgeni wangu, na lilikaribia kuunguza viumbe ambao hatutawapata tena. Tena Emilia alidhani akisema kweli atapungukiwa. Tazameni ngozi hizo za ng'ombe zilivyojaa. Ukweli hata ukichelewa useme, na useme kabla moto haujawashwa. Kuusema mbele ya watu kunahitaji moyo, na huyu mtoto moyo anao."

Kisha akaiokota ngoma yake. "Sasa wageni wanataka kuliona Korongo la Fisi. Emilia, unapajua kuliko sisi sote. Tangulia."

Emilia alijifuta vumbi usoni kwa mkono uliokuwa na vumbi zaidi. Alitangulia, Matonya akafuata na samaki, na nyuma yao watu wa Nyalulu na wageni wao, wote weupe kwa chokaa, wakateremka korongoni wakiimba.