Maji Chini ya Zizi

Foleni ya maziwa Jumamosi ile ilifika hadi nje ya lango la shamba la wakazi, pale ufukweni palipokuwa na kiwanda cha saruji zamani. Kijana mmoja mpiga mbizi alikuwa wa mwisho, nywele bado mbichi, koti likinuka mpira na chumvi.

"Kaka, maziwa yameisha," alisema mfugaji wa mbuzi, msichana wa gauni la bluu na buti za njano. "Labda umkamue dume."

"Nionyeshe tu alipo, dada. Nimezoea kazi ngumu."

Msichana akacheka. Wiki tatu baadaye walikuwa wakiitana mpenzi, na simu zao hazikupoa. Lakini kila alipokuja shambani, kijana aliutazama ukuta wa gati la zamani, ulioshikilia ardhi ya shamba, zaidi kuliko alivyomtazama yeye.

Hatimaye akasema. "Mpenzi, hamisha mbuzi. Nilizama kuukagua huu ukuta. Chini umeliwa na maji. Zizi lako limekaa juu ya shimo tupu."

Msichana alirudi nyuma. "Kumbe! Wanaotaka kujenga maghorofa hapa ndio waliokutuma?"

"Haki ya Mungu, hapana."

"Nenda zako."

Siku tano hakupokea simu zake. Siku ya sita, mchana, aliona maji ya mbuzi yamelalia upande mmoja wa karai. Mbuzi walikuwa wamejibanza mlangoni, hawataki kuyasogelea. Akampigia.

"Karai limeinama."

"Toka! Usibebe kitu!"

Alifungua zizi, akapiga kelele kuwaita wakulima wengine watoke. Mbuzi walitoka mbio. Shangazi yake, aliyekuwa akipalilia nyanya ukingoni, alichelewa. Ukuta ulishuka polepole, ukaenda na zizi na matuta yote. Shangazi alitolewa kwenye tope, mguu umevunjika.

Mpiga mbizi alifika akihema. Msichana hakumkumbatia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile. Bosi alinikataza kusema. Nilikuja niwaambie, nikakuona, nikaogopa kuwa mtu wa kukufukuza hapa. Nisamehe, mpenzi. Nataka kukuoa."

"Usianze na mimi. Wale pale. Waambie."

Wakulima walikuwa wameizunguka machela aliyolazwa shangazi. Akasimama mbele ya shangazi, akaanza. Alipofika kwenye neno "nilijua", sauti ilimkatika.

Msichana alisogea, akamshika mkono bila kumtazama.

"Endelea," alisema.

Nyuma yao, kipande kingine cha ardhi kikaporomoka majini.