Udongo wa Nyuma ya Gereji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwanvua alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuosha vikombe vya chai na kumwagilia tuta la saladi. Mbili za kwanza alizifanya huku amenuna. Ya tatu aliikimbilia, maana lile tuta alilihesabu kuwa lake peke yake, na ole wake atakayeligusa.

Halikuwa tuta la kawaida. Mvua zikianza, ua wao pale mtaani Buyenzi ulikuwa unajaa maji siku nzima, na mama yake, Zubeda, alikuwa ameshachoka kupanda mboga zikaoza mizizi. Basi baba yake, Chabani, fundi wa magari, alichukua mbao za bodi la lori bovu, akazipigilia misumari pande nne hadi usawa wa magoti, akatandika mawe na vipande vya matofali chini ili maji yapate njia. Kilichobaki kilikuwa udongo.

"Udongo utauchota kando ya mto Ntahangwa, kwenye shamba la Mzee Aloys," Chabani alimwambia binti yake. "Nimeshasema naye. Beseni kumi na tano, halafu uchanganye na samadi. Usiharakishe."

Mlemle uani, katika chumba cha nyuma, aliishi mpangaji wao, Mama Ernestine, mwanamke aliyefika kutoka upande wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, vita vilipomtoa kwake. Aliwafulia watu nguo. Binti yake, Ernestine, alikuwa na miaka kumi na miwili sawa na Mwanvua, na walisoma darasa moja. Ernestine alijitolea kusaidia kubeba.

"Apana," alijibu Mwanvua. "Hii kazi ni yangu."

Kazi ikamshinda. Beseni mbili tu, shingo ikamuuma na jua likamchoma utosi. Akirudi na beseni ya pili alipita nyuma ya gereji ya baba yake, akaona udongo mweusi, laini, unaochoteka kwa mikono. Mwalimu alikuwa amewaambia darasani kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Mwanvua hakujiuliza weusi ule umetoka wapi. Alijaza beseni kumi na tatu za pale karibu, kisha juu akamwaga samadi na zile mbili za Ntahangwa. Harufu ya mafuta haikumshtua mtu. Katika nyumba ya fundi wa magari harufu hiyo imo kwenye nguo, kwenye mashuka, hata kwenye mkate.

"Wote ni wa Ntahangwa?" baba aliuliza jioni.

"Wote, baba."

Chabani alimsifu mbele ya majirani, na Mwanvua akazipokea zile sifa bila haya.

Miche ilipohamishiwa tutani ilistawi siku kumi. Majani yalikunjuka, na Zubeda akaanza kusema habari za kuwaalika shangazi. Halafu, asubuhi moja, Mwanvua alikuta majani yamekuwa ya njano. Siku ya pili yalilala chini. Siku ya tatu alisimama mbele ya tuta na kopo la maji mkononi, hasira ikampanda hadi akaona kizunguzungu. Alitaka mtu wa kumlaumu, na akamwona: Ernestine alikuwa anamwaga maji ya sabuni kwenye mfereji.

"Ni wewe," alisema. "Umeua saladi yangu. Unamwaga maji ya kufulia humu ndani."

"Mi namwaga kwenye mfereji," alijibu Ernestine. "Uliniona wapi?"

"Nilikuona jana. Na juzi."

Hakuwa ameona kitu. Neno lilimtoka tu, na likishatoka hakutaka kulirudisha. Ernestine alimsukuma, Mwanvua akamrukia, wakavutana hadi mkono wa gauni la shule la Ernestine ukachanika. Zubeda ndiye aliyewatenganisha, na mchana Chabani aliporudi kula alisimuliwa yote.

Chabani alikuwa mtu mwema mwenye hasira za karibu, na siku hiyo alikuwa na njaa. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama Ernestine, nimewapa chumba, nimewapa ua, nanyi mnamwaga sabuni kwenye chakula cha watoto wangu. Mwanvua ameona kwa macho yake. Ijumaa isiwakute hapa."

Mama Ernestine aliiweka chini nguo aliyokuwa anakamua.

"Baba Mwanvua, watu wenye bunduki walinifukuza kwangu, sikusema neno. Leo nafukuzwa kwa ajili ya saladi. Leo nitasema."

Alilivuka ua, akaingiza mkono kwenye tuta hadi kiwiko na kutoa bonge la udongo wa chini. Alirudi nalo kwenye beseni aliyokuwa ameijaza maji safi ya kusuuzia, akalitumbukiza mbele yao wote. Udongo ulizama. Juu ya maji ukatanda utando wa rangi, buluu na zambarau, ukazidi kutanuka hadi ukingoni.

"Hiyo ni sabuni gani?" aliuliza. "Niambie, na mi nikainunue."

Chabani alichovya kidole, akasugua, akanusa. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Kila siku alikuwa anafungua injini na kumwaga yale mafuta machafu, vidanji, nyuma ya gereji yake.

"Vidanji," alisema polepole. "Mwanvua, udongo huu umetoka wapi?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwa Mwanvua, kwamba huenda Ernestine ndiye aliyemwaga mafuta. Ungeweza hata kuaminiwa. Lakini kupitia mlango wa chumba chao alimwona Ernestine amepiga magoti, anafunga masufuria yao mawili ndani ya kanga, analia kwa hasira bila kutoa sauti.

"Nyuma ya gereji, baba. Wa Ntahangwa ni beseni mbili tu. Na Ernestine sikumwona. Jana sikumwona, na juzi sikumwona."

Zubeda alijishika kichwa. Chabani aliinua mkono, kisha akaushusha, akageuka kwa mpangaji wake.

"Nisamehe, Mama Ernestine. Chumba ni chenu."

"Nimekusikia," alijibu yule mama, akarudi kwenye nguo zake. Hakucheka naye, na hakuwa na sababu ya kucheka.

Kesho yake, baada ya shule, Mwanvua alianza kuchimbua tuta na kurudisha udongo mbovu gerejini. Kisha Ntahangwa, beseni moja baada ya nyingine. Shingo ilimuuma kuliko mwanzo, na alijikasirikia njia nzima. Siku ya tatu Ernestine alitokea njiani na beseni yake, gauni likiwa limeshonwa begani.

"Usinisemeshe," alisema. "Nabeba kwa sababu mama amenituma."

Wakabeba pamoja. Baada ya beseni ya mwisho Chabani aliwaita mbele ya mama zao, akainama, akaupekecha udongo kwa vidole na kuunusa. Ulikuwa safi. Miche mipya ilikuwa inangoja kivulini.

"Gari likiletwa kwangu limekufa," alisema, "siwezi kusema ni hiki au kile. Nafungua kwanza, naangalia kwa macho. Lakini majuzi nilitaka kumtoa mama na mtoto wake nyumbani bila kufungua kitu, kwa neno lako tu, Mwanvua, kwa kuwa we ni mutoto wangu na nakuamini. Aibu hiyo ni yangu, nitaibeba. Yako ni hii: uvivu wako uliua saladi, na saladi tunapanda tena leo. Uongo wako ungemlaza Ernestine barabarani. Siku nyingine ukisema umeona, uwe umeona."

Mwanvua aliitikia, akamgeukia Ernestine na kumwomba radhi mbele ya wazazi wote. Ernestine alichukua mche mmoja, akampa.

"Shika," alisema. "Na usiuzike ndani sana."