Mateka wa Nchi Tupu

Jeshi la tano walilikuta Jumapili, saa tisa alasiri, juu ya meza ya mchapaji, na kila mtu alidhani mwenzake anamtania.

Ilikuwa meza ya kukatia karatasi, katika chumba cha nyuma cha duka lake la uchapaji. Mchapaji alikuwa amegeuza karatasi nane za kalenda, akazibandika pamoja na kuchora ramani yenye mito, ngome na njia za misafara. Watu wazima watatu walikuja kila Jumapili kutawala humo. Nesi alikuwa Malkia wa Mito. Fundi saa alikuwa Mfalme wa Mlima, mwenye farasi wengi na maneno machache. Dereva wa lori, ambaye wenzake walimwita Jemedari kwa kupenda kwake kuamrisha, alikuwa Mfalme wa Nyika. Ufalme wa nne, wa Pwani, ulikwisha kutekwa na haukuwa na mwenyewe. Mchapaji hakutawala popote. Yeye alikuwa msimulizi: ndiye aliyesema mvua imenyesha, daraja limekatika, wajumbe wamekamatwa. Majeshi yalikuwa herufi za madini ya risasi za mashine ya zamani ya kuchapia. Walitupa dadu, wakapigana, wakanuniana, na jua likielekea kuzama walirudi makwao wakicheka.

Kaskazini mwa ramani palibaki peupe. Mchapaji alipaita Nchi Tupu, kisa wino ulimwishia. Sasa hapo palisimama herufi kumi na mbili, safu mbili zilizonyooka.

"Nani kaweka hizi?" aliuliza.

Fundi saa aliokota moja, akaivutia kwenye lenzi yake ya kazi.

"Haina herufi," alisema. "Uso mtupu. Halafu ina joto, kama imetoka mkononi mwa mtu sasa hivi."

"Zitoe bwana, mimi sizipendi," alisema Nesi, akiziba pua. Chumba kilinuka farasi walioloa.

Mchapaji alizifungia kwenye droo. Jumapili iliyofuata zilikuwa ishirini na nne, mahali pale pale, na droo ilikuwa bado imefungwa.

Pengine wangeacha mchezo siku hiyo, lakini Jemedari alikataa katakata. Kwa miezi miwili alikuwa anapigwa. Nesi na fundi saa walikuwa wameungana kwa siri, wakamnyang'anya ngome tatu, na sasa walikuwa wamezunguka mji wake mkuu.

"Mmeniuza," alisema, na hakuwa anacheka.

"Siasa hiyo, Jemedari. Ulipochoma maghala yangu mimi nilikununia?" alisema Nesi.

"Sawa. Msimulizi, natuma mjumbe Nchi Tupu. Naomba jeshi."

"Kule hakuna mtu, kaka."

"Basi nimemtumia huyo asiyekuwepo."

Mchapaji alifungua kinywa ili aseme mjumbe amepotelea kwenye ukungu. Yaliyotoka yalikuwa mengine, tena taratibu, kwa sauti yake mwenyewe lakini kama inayosomwa na mtu mwingine: "Mfalme wa Nchi Tupu amempokea mjumbe wako. Atakupa jeshi. Anataka mtu mmoja wa nyumba yako akaishi kwake, awe dhamana."

"Nimekubali," alisema Jemedari. "Naapa kwa jina langu na la nyumba yangu."

Hakuna aliyeona kitu kikisogea. Walipepesa macho tu, na majeshi yote ya Nesi na ya fundi saa yalikuwa yamelala kifudifudi. Jemedari alipiga meza kwa furaha. Mchapaji alikuwa ameshika koo lake kwa mikono miwili.

Jumanne saa sita mchana, mke wa Jemedari alikuwa jikoni kwake. Mumewe alikuwa safarini na lori. Mfuniko wa sufuria ulianza kutetemeka wakati moto ulikuwa bado mdogo. Halafu vikombe. Halafu akasikia miguu, mingi, inakwenda kwa hatua moja, inaingia kwa mlango wa uani, inapita nyuma ya mgongo wake karibu kiasi cha upepo wake kumgusa shingo, inaelekea sebuleni. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Sebuleni bintiye wa miaka minane alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mikono ubavuni, kidevu juu.

"Mama," alinong'ona, "wamesema nifunge viatu."

"Nani, mwanangu?"

"Usiseme kwa nguvu. Wanahesabu."

Tangu siku hiyo mtoto hakula. Kila mchana miguu ile ilipopita alisimama akiutazama ukuta wa kaskazini, na mama yake alipomkumbatia ili amketishe alimkuta mzito kama aliyejazwa chuma ilhali mashavu yalikuwa yanazidi kubonyea, na alipoweka sikio kifuani pake alisikia moyo ukipiga sawasawa na hatua zile, ukisimama zinaposimama, ukianza zinapoanza, mpaka mama akajikuta naye anapumua kwa kuhesabu, akiogopa kwamba siku moja hatua zitakwenda mbali na moyo utazifuata.

Jemedari alirudi Alhamisi, akamwona bintiye, akaketi chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. Alimwita Nesi. Nesi alipima homa, hakuna. Alishika mkono wa mtoto, akahesabu mapigo, akauachia haraka.

"Hili si la hospitali," alisema polepole. "Jemedari, uliapa nini wewe?"

Walimwita mganga, mwanamume wa makamo mwenye miwani, mpole wa kusema. Alichoma fusho chumba hadi chumba, na moshi wote ulikwenda kaskazini ukajibana ukutani. Akauzima.

"Jini wa kufukuzwa ni yule aliyeingia bila ruhusa," alisema. "Huyu ameitwa. Ana ahadi mkononi."

"Mganga, ulikuwa mchezo!"

"Kwako wewe. Jina la nyumba yako nalo lilikuwa la mchezo?"

Jemedari aliinamisha kichwa.

"Mimi sina dawa ya mtu aliyekuja kudai haki yake," mganga aliendelea. "Wale wana mfalme, wana sheria. Nendeni mkazungumze nao kama falme zinavyozungumza. Na achague maneno anayejua kuyachagua."

Wote walimtazama Nesi.

Jumapili walikaa tena mezani. Mama mtu alisimama mlangoni na binti mgongoni. Herufi zisizo na nyuso zilikuwa zimejaa ramani nzima, na mchapaji alitoa jasho kabla hata hajaulizwa.

"Mfalme wa Nchi Tupu," alianza Nesi, "tunaheshimu mkataba. Tunaomba kuusikia."

"Mtu mmoja wa nyumba yake," kilisema kinywa cha mchapaji.

"Mkataba umetaja mtoto?"

Chumba kilipoa, harufu ya farasi ikawa nzito hadi machozi yakawatoka, na huko nje barabarani, mchana kweupe, kelele zote za mji zilikatika kwa pamoja.

"Haukutaja," kilisema kinywa cha mchapaji.

"Basi anayechagua ni mwenye nyumba."

Jasho la mchapaji lilidondoka juu ya ramani. Halafu: "Achague."

Nesi alifumba macho. Alidhani wangepata nafasi ya kujadili, kuomba muda, kutoa ngome badala ya mtu. Lakini Jemedari alikuwa amesimama tayari.

"Mimi pia ni mtu wa nyumba yangu," alisema.

"Baba, usifanye hivyo!" Mkewe alimshika shati. "Ngoja kwanza, tuongee nao, ngoja."

"Mama, niachie. Tukingoja watambeba huyu." Alimbusu binti kwenye paji la uso, akachukua herufi kubwa iliyokuwa mfalme wake, akaisimamisha katikati ya Nchi Tupu.

Miguu ilianza, safari hii ikiwazunguka wote. Jemedari alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akatoka kwa mlango unaoelekea dukani. Kutoka chumba cha nyuma hadi dukani ni hatua nne. Mkewe alimfuata mara moja. Duka lilikuwa tupu, na mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani.

"Mama," alisema binti mgongoni, "nina njaa."

Mchapaji alichoma ramani na kuyeyusha herufi zote. Polisi waliandika maelezo, wakamtafuta Jemedari kila alikopitisha lori, wakachoka.

Miezi minane baadaye, saa nne asubuhi, mkewe alikuwa anaanika nguo mbele ya nyumba alipomwona amesimama getini. Shati lilikuwa lile lile, limefifia. Alikuwa amekonda, na vumbi lililomjaa lilikuwa jeupe.

"Baba! Umerudi?"

"Nimetumwa," alisema. Hakuvuka geti. "Nimepewa swali moja niulize. Hapa kwako kuna wanaume wangapi wanaoweza kushika silaha?"

Mkewe alimtazama usoni. Aliyaona macho yake yakimsihi, ingawa sauti ilikuwa kavu kama ya karani. Kaka zake wawili walikuwa ndani wanakunywa chai.

"Hakuna," alisema. "Hapa tumebaki wanawake tu."

Pumzi ilimtoka mumewe. "Ahsante, mama," alinong'ona. "Nitaandika hivyo hivyo."

Akageuka, akaenda. Mkewe alibaki ameng'ang'ania shuka bichi, na ndipo aliposikia geti la nyumba ya pili likigongwa, na sauti nyingine, ya mtu asiyemjua, ikiuliza swali lile lile. Jirani yake, seremala anayependa kujivunia wanawe, alicheka kwa furaha, akaanza kuwataja mmoja mmoja.